Kusoma himaya kwa pamoja: niliyopitia nikifuatilia ukanda wa maili 10 wa Mrima

Nilipopeleka pendekezo la tasnifu yangu ya uzamili, mada ilikuwa ushindani wa Uingereza na Ujerumani katika pwani ya Afrika Mashariki kuanzia 1884 hadi 1890. Msimamizi wangu alilisoma lote kimya, kisha akauliza Ufaransa iko wapi. Nikamjibu kwamba Ufaransa haikuwa na koloni Mrima, yaani pwani ya bara inayoikabili Unguja. Akaandika "1862" pembeni mwa ukurasa wa kwanza, akanirudishia.

Tarehe 10 Machi ya mwaka huo, Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja kwamba zitauheshimu uhuru wa Sultani wa Maskati na wa Sultani wa Zanzibar. Ni tamko fupi mno. Lilikaa miaka 28, hadi Julai 1890, Uingereza ilipopatana na Ujerumani: Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, nayo ikaachia madai yake ya Witu, karibu na Lamu, na kukubali Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza. Hapo Ufaransa ikalitoa lile tamko la zamani na kudai fidia yake. Tarehe 5 Agosti 1890 Uingereza ikautambua ulinzi wa Ufaransa juu ya Madagascar. Wamalagasi hawakuulizwa lolote. Miaka mitano baadaye jeshi la Kifaransa liliingia Antananarivo.

Mpango wangu wa safu mbili, Waingereza huku na Wajerumani kule, haukusimama tena baada ya hapo. Huwezi kueleza kilichotokea Zanzibar kwa kutazama miji mikuu miwili ikibishana. Palikuwa na watu wengi zaidi mezani, na wengine waliokuwa wanajadiliwa bila kukaribishwa.

Kilichoniokoa ni kuacha kufuata nchi na kuanza kufuata kitu. Nilichagua ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kutoka Ghuba ya Tungi hadi Kipini, ambao Uingereza na Ujerumani zilikubaliana mwaka 1886 kwamba ndio mali ya Sultani upande wa bara, pamoja na miji michache ya kaskazini kama Kismayu, Barawa, Marka na Mogadishu. Kila nilipouliza swali moja tu, "ukanda huu umefikaje hapa?", himaya nyingine ilijitokeza ambayo sikuwa nimeitarajia. Nawashauri wanaoanza wafanye hivyo: chagua bandari, deni, bendera, reli, ugonjwa, chochote kilichopita mikononi mwa himaya zaidi ya mbili, ukifuate mpaka kikufikishe usikokujua.

Chukua mwaka 1885. Mjerumani Carl Peters alikuwa amerudi kutoka Usagara, bara ya Tanzania ya leo, na mikataba aliyotia saini na machifu, na tarehe 27 Februari, siku moja tu baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuyalinda maeneo hayo. Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipinga. Agosti, manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya kasri yake. Balozi wa Kiingereza, John Kirk, aliyekuwa mshauri wake kwa miaka mingi, alitarajiwa kumsimamia. London ilimwagiza ashirikiane na Wajerumani. Kwa nini?

Nililitafuta jibu katika barua za Zanzibar kwa muda mrefu, nami nisilipate humo, kwa sababu halikuwa humo. Lilikuwa Cairo. Uingereza iliikalia Misri mwaka 1882, lakini fedha za Misri zilisimamiwa na tume ya deni yenye wajumbe wa mataifa kadhaa ya Ulaya, na bila kuungwa mkono na Bismarck, Kansela wa Ujerumani, Waingereza wasingeweza kuziendesha walivyotaka. Isitoshe, masika ya 1885 Urusi na Uingereza zilikaribia kupigana kwa sababu ya Panjdeh, mpakani mwa Afghanistan. London haikuwa tayari kumkasirisha Bismarck kwa ajili ya Usagara. Mshairi wa Lamu au mfanyabiashara wa Bagamoyo aliona manowari. Hakuona kwamba bei yake ililipwa kwenye mto Nile na kwenye milima ya Asia ya Kati. Nilipoliona hilo nilikaa siku nzima bila kuandika neno. Nilikuwa na furaha ya kupata jibu, na uchungu wa kuona jinsi Barghash alivyokuwa akiandika barua zake za heshima kwa watu waliokwisha kukata shauri kuhusu mambo mengine kabisa.

Tume iliyoundwa kupima mipaka ya Sultani ilikuwa na Mwingereza, Mjerumani na Mfaransa. Sultani hakuwa na mjumbe, ingawa nchi iliyopimwa ilikuwa yake. Mwingereza huyo alikuwa Kitchener, yule yule aliyekutana na afisa Mfaransa Marchand kule Fashoda, Sudan, mwaka 1898, Uingereza na Ufaransa zilipokaribia vita. Andika majina ya watu wa namna hii kwenye daftari la pembeni. Maofisa walihamishwa kutoka kona moja ya dunia hadi nyingine, na walibeba mazoea yao. Daftari langu la majina lilinisaidia kuliko ramani yoyote niliyonunua.

Sasa niseme kuhusu nyaraka, maana hapa ndipo watu wanapoteza fedha.

Barua za ubalozi wa Kiingereza Zanzibar ziko Kew, London, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mtu akienda bila maandalizi ataagiza mafaili yenye majina ya nchi na kuondoka na kidogo. Sehemu kubwa ya mawasiliano ya miaka ile imo katika fungu FO 84, la idara iliyoshughulikia biashara ya watumwa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kazi na Zanzibar. Siasa za mipaka, ushuru wa forodha, ugomvi wa mabalozi, vyote vimelala chini ya jina la utumwa. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi ya ndege, tafuta kwanza ni idara gani ya serikali ile iliyokuwa ikijibu barua za eneo lako. Swali hilo moja linaokoa wiki nzima. Kew wanaruhusu kupiga picha kwa kamera yako mwenyewe bila malipo. Piga picha mchana kutwa, soma usiku au ukirudi. Na piga picha ya jalada la faili kabla ya karatasi iliyo ndani, la sivyo baada ya miezi utakuwa na maelfu ya picha zisizo na asili.

Za Kijerumani ziko Berlin, Lichterfelde, fungu R 1001, la ofisi ya makoloni. Sehemu kubwa ya fungu hilo imewekwa mtandaoni, kwa hiyo huhitaji safari kwa kila kitu. Kizingiti ni mwandiko. Barua za mkono ziliandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa zamani wa Kijerumani, na mtu anayesoma Kijerumani cha magazeti vizuri kabisa atazitazama kama mistari ya miiba. Mimi nilijifunza kwa kuchukua barua ambayo nakala yake iliyochapwa ilikuwepo, nikazilaza pamoja, nikanakili herufi kwa mkono kila jioni mpaka mkono wangu ukaanza kuziandika wenyewe. Kuziandika ndiko kulikonifundisha kuzisoma. Jipe miezi kadhaa ya kazi hii na uihesabu kwenye ratiba, kwani mfadhili hataihesabu kwa niaba yako.

Ukipata nakala zilizochapwa zamani, zifurahie kwa tahadhari. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikichapa barua za kidiplomasia kwa ajili ya Bunge, Wajerumani nao walikuwa na zao, na kabla ya kuchapwa zilikatwa ili zisimuudhi rafiki wa wakati huo au zisimfichue mtoa habari. Mikusanyo mikubwa iliyochapwa baada ya vita ya 1914 hadi 1918 ina tatizo jingine: kila serikali ilikuwa ikijitetea kuhusu nani aliyeianzisha vita, na uteuzi wa barua ulifuata utetezi huo. Niliwahi kulaza barua moja iliyochapwa kando ya ile ya asili, na aya iliyokosekana ndiyo iliyokuwa ikinihusu mimi. Tangu siku hiyo sikutumia nakala iliyochapwa kama ushahidi wa mwisho pale ambapo ya asili ilipatikana.

Tarehe nazo zina mitego. Barua za kasri la Zanzibar zina tarehe za Hijria. Urusi ilifuata kalenda ya Julius, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20, kwa hiyo barua ya St. Petersburg inaweza kuonekana imeandikwa kabla ya habari inayoijibu. Waosmani walikuwa na Hijria na pia kalenda yao ya fedha. Weka jedwali lenye safu ya tarehe kama ilivyoandikwa na safu ya tarehe iliyogeuzwa, na ya tatu ya siku barua ilipopokelewa. Hii ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Kebo ya simu ya maandishi ilifika Zanzibar mwaka 1879. Kabla ya hapo balozi aliamua kwanza na kuomba ruhusa baadaye, kwa sababu jibu la London lilichukua wiki nyingi. Baada ya kebo, waziri angeweza kumkatiza siku hiyo hiyo. Ukisoma uamuzi wa 1873 na wa 1885 kana kwamba viliamuliwa kwa njia moja, utamlaumu mtu asiyehusika.

Katika kufuatilia ule ukanda, jambo lililonigusa zaidi ni fedha. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4 kwa sehemu yao ya pwani, sawa na pauni 200,000 hivi. Ungedhani hadithi inaishia hapo. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilitaka kuiondoa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imeishiwa, na kuichukua nchi yenyewe. Kampuni ililipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Zanzibar, zile zilizotokana na malipo ya Wajerumani. Na pauni 17,000 ambazo Uingereza ilimlipa Sultani kila mwaka kwa ajili ya pwani ya Kenya zilikuwa na sehemu mbili: pauni 11,000 za kodi ya pango, na pauni 6,000 ambazo ni riba ya asilimia 3 ya zile 200,000. Fedha iliyotoka Ujerumani kununua pwani moja ya Sultani ikatumiwa na Uingereza kujiimarisha kwenye pwani nyingine ya Sultani huyo huyo, kwa mkopo kutoka kwake.

Niliisoma hesabu hiyo mara nyingi nikihofia nimekosea kujumlisha. Hakuna hotuba wala ramani iliyonieleza uhusiano wa himaya hizi waziwazi kama karatasi ile ya hesabu. Wanafunzi wengi wa historia wanaogopa vitabu vya hesabu za fedha na kukimbilia barua za mawaziri. Nenda kwenye hesabu mapema. Humo himaya zinakutana bila adabu za kidiplomasia: deni la Waosmani lililowekwa chini ya usimamizi wa wadai wa kigeni mwaka 1881, fidia ya tael milioni 450 (tael ni kipimo cha fedha ya Kichina) ambayo China ililazimishwa kuilipa mwaka 1901 baada ya majeshi ya mataifa manane kuingia Beijing. Mataifa hayo manane yalikuwa yakitegeana kila mahali kwingine duniani, na miaka mitatu tu baadaye mawili kati yao, Japani na Urusi, yakapigana. Lakini malipo yalipofika waligawana.

Tuna methali kwamba vita vya fahali wawili, ziumiazo nyasi. Nilianza tasnifu nikiwa nayo kichwani, na nimeiacha. Mara nyingi fahali hawakupigana, walipeana malisho. Mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ilipoanza kutwaa bandari za Mrima na watu wakainuka, Bushiri bin Salim akiongoza upande wa Pangani, manowari za Uingereza zilijiunga na za Ujerumani kuifunga pwani tangu Desemba, kwa hoja ya kuzuia watumwa na silaha. Afisa Mjerumani Wissmann alipotumwa kuzima vita ile, wengi wa askari wake walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, nchi iliyokaliwa na Waingereza. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Ukiandika habari hii kama sura ya "ushindani wa Ujerumani na Uingereza", umemwondoa aliyekuwa akipigwa na wote wawili.

Ushirikiano wao ulikuwa na sura nyingine pia, na sitaki nionekane nauhesabu wote kuwa njama. Malale yalipowaua watu wengi pembezoni mwa Ziwa Victoria, daktari Mjerumani Robert Koch alifanya kazi visiwa vya Sese, upande wa Waingereza, na mwaka 1908 serikali hizo mbili zikatia saini mkataba wa kupambana na ugonjwa huo. Mbung'o hawakujali mpaka. Lakini hata hapo, waliohamishwa kutoka ufukweni kwa amri walikuwa watu wa ziwa.

Na nyasi nazo hazikukaa kimya. Sehemu iliyonipa moyo katika kazi yote ni kesi ya majahazi ya Maskati. Manahodha wa Sur, bandari ya Omani, wale Wasuri ambao pwani yetu yote iliwajua kwa kufika na kaskazi, waligundua kwamba Ufaransa haikubali Waingereza wapekue vyombo vyenye bendera yake. Wakajipatia karatasi na bendera za Kifaransa. Baadhi walibeba tende na chumvi, baadhi walibeba watumwa, na lazima liandikwe hilo bila kupakwa rangi: Desemba 1881 kapteni Brownrigg wa manowari ya Kiingereza iliyoitwa London aliuawa karibu na Pemba akikagua jahazi lililopeperusha bendera ya Kifaransa. Ugomvi ukakua mpaka ukafikishwa Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague. Hukumu ya Agosti 1905 ilisema waliopewa bendera kabla ya tarehe 2 Januari 1892 waendelee nazo, na baada ya hapo wapewe tu wale ambao kisheria walikuwa chini ya hifadhi ya Ufaransa. Ili kueleza nani yuko chini ya hifadhi, majaji walitumia kanuni za Waosmani za 1863. Fikiria: nahodha wa Sur, sheria ya Istanbul, madai ya Paris na London, hukumu ya The Hague. Sikuwahi kuona mfano bora zaidi wa mtu wa kawaida aliyezisoma himaya kwa umakini kuliko wengi wetu tunaozisoma vyuoni.

Kuwapata watu hawa kwenye nyaraka kunahitaji subira. Hawana mafaili yao. Tafuta malalamiko, mashauri ya korti za ubalozi, orodha za waliosajiliwa, viambatisho vya barua. Viambatisho ndivyo vilivyonipa karibu kila sauti ya mtu wa pwani niliyonayo: afisa anaandika mistari michache ya dharau, na nyuma yake ameambatisha ombi la wazee wa mji, kwa Kiarabu au kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Watafiti wengi huishia kwenye barua ya afisa kwa sababu hawawezi kusoma kilichoambatishwa. Kama unasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, una ufunguo ambao wengi hawana. Kama husomi, jifunze hicho kabla ya lugha nyingine yoyote ya Ulaya ya kuongezea.

Gharama ilikuwa kubwa. Akiba yangu iliisha, na kwa kipindi fulani niliishi kwa kukopa kwa ndugu ambao hawakuelewa kwa nini mtu mzima anakwenda nchi za mbali kusoma barua za wafu, na bado walinikopesha. Macho yangu hayakurudi kama yalivyokuwa. Upweke wa chumba cha kusomea ni wa kweli: unakaa kutwa na watu wanaowagawa babu zako kwa sauti ya kawaida kabisa, wakilalamikia joto, kisha unatoka nje na hakuna wa kumwambia. Tafuta mtu anayefanya kazi kama yako, hata kama himaya zake ni nyingine. Mimi nilizungumza sana na mwenzangu aliyesoma mipaka ya Urusi na China. Ndiye aliyenionyesha mkataba wa Nerchinsk wa 1689, uliojadiliwa kwa Kilatini kwa msaada wa mapadre Wajesuiti, na ndipo nikaanza kujiuliza wakalimani wa Zanzibar niliowakuta kwenye barua walikuwa nani hasa na walilipwa na nani.

Kuhusu kuandika: usiipe kila himaya sura yake. Nilijaribu, na kila sura ilijieleza kana kwamba nyingine hazipo. Nilipopanga upya kwa matukio, yaani tume ya mipaka, kufungwa kwa pwani, mauzo, deni, bendera, kila tukio likawa na wahusika wote ndani yake. Msimamizi akishikilia mpangilio wa nchi kwa nchi, mwombe akuruhusu uandike tukio moja kwa njia yako na umwonyeshe. Na uwe mwangalifu na kitenzi "kushindana". Kila nilipolikuta kwenye rasimu nilijiuliza siku hiyo walikuwa wakifanya nini hasa: walitishana, walikopeshana, walipeleleza, waliazimana askari, walibadilishana visiwa? Mara nyingi jibu lilinirudisha kwenye faili.

Kipande kimoja bado ninacho mezani, Benadir, yaani ile miji ya kaskazini kama Barawa, Marka na Mogadishu. Italia iliikodi kutoka kwa Sultani mwaka 1892 na kuinunua mwaka 1905 kwa pauni 144,000, wakati ambapo Sultani hakuweza kuuza kitu bila Uingereza. Nyaraka za upande huo ziko Roma, na Kiitaliano changu bado ni cha kusaidiwa na kamusi, kwa hiyo kwa sasa ninaanza na vitabu vya hesabu.